Safu Niliyoiacha Tupu

Saa tisa usiku nimesimama msalani, paji la uso nimelibandika ukutani, nahesabu. Moja, mbili, tatu. Siku nikiwa na bahati mkojo huanza nikifika kumi na tano. Usiku ule nilifika arobaini na mbili ndipo ukaanza, ukakatika, nikajikamua, ukaanza tena, mwisho ukabaki kudondoka tone tone juu ya kidole gumba cha mguu. Nikarudi kitandani nikijua wazi kwamba nusu yake nimeiacha ndani. Saa kumi na nusu nikaamka tena.

Kuhesabu ndiyo kazi iliyonilisha. Nimekuwa mhasibu kwa zaidi ya miaka thelathini, na mtu wa aina yangu akiumwa hutafuta daftari kabla ya kutafuta daktari. Nilikuwa na miaka 59. Kwa wiki mbili niliandika idadi ya kuamka kila usiku: mara nne, mara tano, mara nne, mara tatu, mara sita. Kisha nikalifunga daftari, nikaendelea na maisha kwa miezi minane. Sijui nilidhani namba zikishaandikwa zitajirekebisha zenyewe.

Kilichonipeleka hospitali mwishowe hakikuwa usingizi, ilikuwa hofu ya saratani. Tuna mazoea ya kusema "fulani ana tezi dume", kana kwamba sisi wengine hatuna. Kila mwanamume amezaliwa nayo. Imekaa chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake kama uzi katikati ya ushanga. Mtu akishavuka miaka arobaini hivi tezi hiyo huanza kukua taratibu, na kwa kuwa mrija uko katikati, unabanwa. Karibu nusu ya wanaume walio katika miaka ya hamsini tezi yao imeshaanza kutanuka. Wakifika miaka ya themanini ni wengi mno. Daktari aliniambia jambo moja lililonishusha mabega: kutanuka huku si saratani na hakugeuki kuwa saratani. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, ndiyo maana wanapima, lakini hiki hakizai kile.

Vipimo vyenyewe havina hadithi ndefu. Kile cha kidole, kinachowakimbiza wanaume wengi kuliko kisu, kinaisha kabla hujamaliza kuona aibu. PSA, kipimo cha damu kinachosaidia kutafuta dalili za saratani ya tezi, ilikuwa 3.4. Altrasaundi ikaonyesha tezi ya gramu 58, wakati ya kijana huwa kama 20 na kitu. Nikakojolea kwenye mashine inayopima kasi: mililita 8 kwa sekunde, ilhali mtu asiye na kizuizi hupita 15. Baada ya hapo wakarudisha altrasaundi tumboni kuangalia mkojo uliobaki kibofuni. Mililita 60. Daktari aliitaja namba hiyo ya mwisho, akaiandika, akaendelea. Mimi sikuiandika. Niliandika 58 na kuizungushia duara.

Kulikuwa pia na dodoso la maswali saba, kila swali alama sifuri hadi tano: unahisi hukumaliza, unarudi tena kabla ya saa mbili kupita, mkojo unakatika, unashindwa kujizuia, umekosa nguvu, unajikamua, unaamka mara ngapi. Jumla isipozidi 7 ni hali nyepesi, 8 hadi 19 ni ya wastani, 20 hadi 35 ni kali. Nilipata 18. Kisha kuna swali la nane lisilohesabiwa pamoja na mengine: ukiambiwa utaishi na hali hii ya mkojo ilivyo sasa mpaka mwisho wa maisha yako, utajisikiaje?

"Nimezoea," nikasema.

"Hilo halipo kwenye majibu, mzee," daktari akaniambia, akanigeuzia karatasi nijionee. Kweli halikuwapo. Kulikuwa na kufurahi, kuridhika, kuwa katikati, kutoridhika, na kuendelea kushuka mpaka vibaya kabisa. Nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu kuliko nilivyokaa kwenye maswali saba yote.

Tulianza na tamsulosin ya miligramu 0.4, kidonge kimoja kwa siku. Dawa za kundi hili haziipunguzi tezi hata kidogo. Zinalegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi yenyewe ili mkojo upite. Na zinafanya kazi haraka. Siku ya tano nilihesabu nikafika sita tu, mkojo ukaja. Nilitamani kumwamsha mtu nimweleze. Gharama yake ilikuwa kizunguzungu nikisimama ghafla, kwa hiyo nikajifunza kukaa ukingoni mwa kitanda kwanza, na shahawa zikapungua mpaka karibu kukauka. Hilo la pili sikuwa nimeambiwa, na ilinichukua miezi miwili kupata ujasiri wa kuuliza. Jibu lilikuwa dakika moja: ni dawa, haina madhara, ukiiacha zinarudi. Miezi miwili ya kujiona nimekwisha kwa ajili ya swali la dakika moja. (Anayetumia dawa hii na anatarajia kupasuliwa mtoto wa jicho amwambie daktari wa macho mapema, hata kama ameshaiacha, dawa inalegeza na kile kiwambo cha rangi ndani ya jicho, na mpasuaji asiyejua hupata taabu.)

Baada ya muda daktari akaongeza finasteride ya miligramu 5. Hii ndiyo inayoshughulika na tezi yenyewe, na asili yake ilinivutia kiasi cha kunisahaulisha shida zangu. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichapisha habari za familia za Jamhuri ya Dominika ambako watoto fulani walizaliwa wakidhaniwa wasichana, kisha balehe ikawageuza wavulana. Walikosa kimeng'enya kinachobadilisha testosteroni kuwa homoni kali zaidi iitwayo DHT. Watu hao walipokua, tezi zao dume zilibaki ndogo. Kumbe DHT ndiyo inayoilisha tezi. Wakatengeneza dawa ya kukizuia kimeng'enya hicho, nayo ikaidhinishwa Marekani mwaka 1992. Mtu akiwa mvumilivu, kwa miezi sita hadi mwaka tezi hupungua kwa takribani robo.

Mimi sikuwa mvumilivu. Mwezi wa nne hamu ya tendo la ndoa ikashuka. Si wote wanaopata hilo, ni wachache, lakini mimi nilikuwa mmoja wao. Mwezi wa tano nikapima PSA mahali pengine, pasipo na kumbukumbu zangu, wakanisomea 1.8 na kunipongeza kwamba imeshuka vizuri. Haikuwa imeshuka kitu. Finasteride hupunguza PSA kwa karibu nusu ukishaitumia miezi kadhaa, kwa hiyo anayejua huzidisha mara mbili kabla ya kutafsiri. Namba yangu ya kweli ilikuwa palepale. Lakini mimi niliibeba ile pongezi kama hati ya kuruhusiwa: tezi imepona, dawa inayonishusha hamu ya kazi gani? Nikaiacha. Sikumwambia mtu.

Nikabaki na tamsulosin peke yake, nikijihisi vizuri. Hapo ndipo penye kosa langu lote, na nitalieleza kwa namba kwa sababu ndivyo nilivyokuja kulielewa. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao MTOPS, wanaume zaidi ya 3,000 waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka minne na nusu. Waliotumia dawa ya kulegeza pamoja na finasteride, hatari ya hali yao kuendelea kuharibika ilipungua kwa asilimia 66 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa ya kulegeza peke yake nao walipata nafuu ya dalili, ila mwisho wa safari hawakupunguziwa hatari ya mkojo kuziba kabisa wala ya kuishia kwenye upasuaji. Yaani dawa niliyobaki nayo ilinituliza mimi. Tezi iliendelea na shughuli zake.

Rafiki yangu mmoja aliniletea vidonge vya mmea wa saw palmetto, nikavitumia miezi mitatu juu ya tamsulosin na kuvisifu kila mahali. Baadaye nilijua kwamba mmea huo umepimwa kwa uangalifu: mwaka 2006 kwa wanaume 225 kwa mwaka mzima, na mwaka 2011 kwa wengine 369 wakiongezewa dozi hadi mara tatu. Mara zote mbili haukuwashinda walaji wa vidonge tupu. Sikumwambia rafiki yangu. Alikuja na nia njema, na yeye mwenyewe analala usiku kucha.

Upasuaji ulitajwa kwangu mapema kama jambo la kulifikiria endapo dawa zingeshindwa. Nilipofika nyumbani nikagawa ukurasa wa daftari safu tatu. Safu ya kwanza DAWA, ya pili UPASUAJI, ya tatu KUBAKI HIVI HIVI. Safu ya upasuaji niliijaza mpaka pembezoni: kuvuja damu, maambukizi, kushindwa kuzuia mkojo, mrija kupata kovu, nguvu za kiume, shahawa, ganzi, na habari ya mtu aliyefanya kazi na shemeji yangu ambaye "tangu walipomgusa hakuwa mwanamume tena". Mtu huyo sijawahi kumwona. Safu ya dawa ilikuwa na mistari sita. Safu ya tatu niliiacha tupu. Nilijiambia nitairudia.

Mhasibu anayemletea mkubwa wake hesabu za namna hiyo anafukuzwa kazi. Kila mradi una gharama ya kuufanya na gharama ya kutoufanya. Hilo nimewafundisha vijana ofisini kwa miaka. Lakini kwa mwili wangu niliamini kwamba kukaa kimya ni bure.

Ikapita miaka mitatu. Alama za dodoso zilishuka hadi 9 na nikazionea fahari. Nilichokuwa sijakiona ni kwamba sehemu ya nafuu ile niliitengeneza mwenyewe kwa kujipunguzia maisha. Kwenye safari nakaa kiti cha kando ya njia. Nikiwa na mkutano sinywi maji tangu asubuhi. Msibani nachagua pa kukaa kwa kuangalia choo kiko wapi. Dodoso linauliza unaamka mara ngapi, haliulizi umeacha kwenda wapi. Baadhi ya mbinu ni nzuri kweli na bado ninazo: kupunguza vinywaji saa mbili tatu kabla ya kulala, kupunguza kahawa, chai na pombe, kukojoa, kusubiri kidogo, kisha kukojoa tena, na kutoruhusu choo kikubwa kigande. Ila kuna tofauti kati ya kukisaidia kibofu na kukifichia siri.

Kliniki ya kila mwaka nilikwenda mara moja. Mkojo unaobaki ulikuwa mililita 140. Nikauliza tezi ina gramu ngapi. Mwaka uliofuata sikwenda, nilikuwa na kazi nyingi.

Kisha nikapata mafua. Nilinunua dawa ya mafua ya kawaida, ile ya kufungua pua na kukausha kamasi, nikameza jioni na tena kabla ya kulala. Hakuna aliyeniuliza kama nina shida ya mkojo, na mimi sikusema kwa kuwa sikuona uhusiano wa pua na kibofu. Uhusiano upo. Dawa ya kufungua pua inakaza mishipa midogo ya damu, na kwa njia hiyohiyo inakaza misuli ya shingo ya kibofu, ile ile ambayo tamsulosin inailegeza. Na ile ya kukausha kamasi inakipunguzia kibofu nguvu ya kusukuma. Asubuhi nilimeza dawa ya kufungua mlango, usiku nikameza ya kuufunga, na juu yake nikamlevya bawabu.

Saa nane usiku nilihesabu hadi mia moja na hakukutoka kitu. Mia mbili. Nikafungua bomba nisikie maji yakitiririka. Nikakaa. Nikasimama. Nikaingiza miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Kufikia saa kumi na moja tumbo chini ya kitovu lilikuwa gumu kama mpira uliojazwa upepo, jasho linanitoka, siwezi kusimama wima wala kulala. Mke wangu akanifunga viatu. Nakumbuka kisogo chake alipoinama, nywele zimefungwa nusu, na sauti yake akisema, "Usiongee, twende."

Waliniwekea mpira wa mkojo. Wanaouogopa mpira hawajawahi kuuhitaji. Jeli baridi ya ganzi, kuungua kidogo, mkazo mmoja mahali fulani ndani, halafu mkojo ukaanza kuteremka kwenye mfuko kwa mlio mwembamba, na mimi nikalia. Si kwa maumivu. Muuguzi aliuinua mfuko akasoma: mililita 1,100. Kibofu cha kawaida huanza kukusumbua sana kikifika 400 au 500. "Baba, hiki hakijajaa leo," akasema. "Hiki kimezoea kujaa."

Nilitoka na mpira na mfuko mguuni. Baada ya siku chache wakautoa kunijaribu, na dawa nimeshaianza upya, nikashindwa, ukarudishwa. Jaribio la pili nilikojoa, lakini mililita 310 zilibaki ndani. Altrasaundi ilionyesha ukuta wa kibofu umenenepa kama msuli wa mbeba mizigo na umeanza kutoa kifuko pembeni. Kipimo cha figo kilikuwa kimepanda kidogo. Daktari alinionyesha kwenye picha kitu kingine: sehemu ya kati ya tezi ilikuwa imechomoza ndani ya kibofu, na kila nikijikamua inaziba tundu kama kizibo. Hapo nikauliza tena ile namba yangu ninayoipenda. Gramu 66.

"Mzee wangu," akasema, na nilisikia uchovu wa mtu aliyerudia maneno haya mara nyingi, "nina mtu wa gramu 110 anayelala usiku mzima, na wa gramu 35 aliyekuja na figo zimeharibika. Tezi hata ikiwa kubwa haikuui. Mimi naangalia kibofu."

Usiku huo nikarudi kwenye daftari nikaijaza safu ya tatu. Kibofu kuchoka kabisa, hata kizuizi kikiondolewa kisiamke. Mawe. Maambukizi ya kurudiarudia. Figo. Mpira wa kudumu. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni akasoma juu ya bega langu, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Na mimi niandike," akasema.

"Wewe vipi?"

"Kila ukiamka naamka. Miaka minne sasa. Na hayo ya shahawa unayoyaogopa, mbona umeyaandika kwa mistari miwili chini na hujawahi kuniuliza?"

Nilimuuliza usiku ule. Mazungumzo yale ni yetu. Nitasema tu kwamba mstari niliokuwa nimeupigia mistari miwili chini haukuwa mzito kwake hata nusu ya nilivyodhani, na kulikuwa na jingine, la kumnyima safari za kwenda kuwaona watoto, lililokuwa zito kwake kuliko nilivyowahi kuwaza.

Basi tukaanza kuchagua kwa pamoja, safari hii tukianzia kwenye hali ya kibofu. Kuna tiba nyepesi zinazosifiwa, na sifa zake ni za haki kwa mtu anayezifaa. Kuna vibanio vidogo vinavyoivuta tezi pembeni kama pazia. Vinahifadhi shahawa, mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo, ila mara nyingi haviwafai wenye kizibo cha kati kama mimi. Kuna mvuke wa moto unaodungwa ndani ya tezi, chembe zinakufa na kunyauka kwa wiki kadhaa. Nao unahifadhi shahawa kwa wengi, lakini lazima ukae na mpira siku kadhaa na nafuu kamili inaweza kungojewa hadi miezi mitatu. Huu ndio niliokaribia kuuchagua. Daktari hakunikatalia, aliniambia tu kwamba kwa kibofu kilichokwisha kuchoka, yeye angependa mlango ufunguliwe mpana na mara moja. Kuna kuziba mishipa inayoilisha tezi damu, kwa mrija mwembamba unaopitishwa pajani au kwenye kifundo cha mkono. Kwa tezi kubwa sana, za zaidi ya gramu 80 au 100, kuna upasuaji wa wazi, au leza ya holmiamu inayomenya tezi kutoka ndani kama mtu anayetoa nyama ya chungwa na kuacha ganda. Leza hiyo inafaa ukubwa wowote, ila inahitaji mikono iliyofundishwa hasa.

Na kuna ule wa siku zote, TURP, wa kuikwangua tezi kupitia njia ya mkojo bila kuchana ngozi. Swali nililojifunza kuuliza, na najuta sikulijua mapema, ni hili: wewe mwenyewe umefanya ngapi za aina hii? Daktari hakukasirika. Alisema leza ya holmiamu haifanyi, angenipeleka kwa mwenzake na ningengoja. TURP ameifanya mamia. Pia alitumia kifaa cha kisasa kinachofanya kazi ndani ya maji ya chumvi, si yale maji ya zamani yasiyo na chumvi ambayo yakiingia kwenye damu kwa wingi hushusha sodiamu na kumchanganya mgonjwa. Nikamchagua yeye na mikono yake.

Siku yenyewe nilidungwa ganzi ya mgongoni, miguu ikawa ya mtu mwingine, na kwa muda wa saa moja hivi nilisikia mlio wa kifaa na maji yakimiminika ndooni. Baada ya hapo mpira wa njia tatu, maji yanaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine kuosha damu. Siku mbili kazi yangu ilikuwa kuangalia rangi kwenye mrija: nyekundu, kisha waridi, kisha kama maji ya nyama iliyooshwa, kisha njano. Siku ya tatu asubuhi wakautoa. Nilisimama, nikaanza kuhesabu kwa mazoea. Sikufika moja. Iliunguza kama pilipili, lakini ilitoka kwa kishindo, nikasikia mzee wa kitanda cha pili akicheka na kusema, "Huyo ameshapona huyo."

Hajakosea sana, ila hakuna aliyenipambia wiki zilizofuata. Kuungua wiki mbili. Haja inayokuja ghafla isiyongoja, wiki sita, na mara tatu sikufika chooni. Siku ya kumi na moja nilijikamua choo kigumu, damu ikarudi na donge moja lililonitisha. Nikanywa maji mengi, ikasafika kufikia jioni. Mtu aliyefanyiwa hivi asinyanyue kitu kizito kwa wiki kadhaa na asikubali kukosa choo laini. Vipande vya tezi vilipelekwa maabara, havikuwa na saratani. Lakini ganda la tezi linabaki, kwa hiyo PSA naendelea kupima.

Shahawa, ndiyo, zinarudi kibofuni badala ya kutoka, kama inavyowatokea wengi wanaofanyiwa TURP, na mkojo unaofuata huwa na ukungu. Nguvu ziko kama zilivyokuwa, na kilele ni kilekile. Kwa kijana anayetaka watoto hesabu hii ingekuwa nyingine kabisa. Usiku bado naamka mara moja, wakati mwingine mbili. Kibofu kilichonenepa hakikurudi ujana wake, na mkojo unaobaki ni mililita 80. Daktari anaamini ningekuja pale ulipokuwa 140, ningepona zaidi. Alilisema bila lawama, nami nimeliandika.

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu. Ana miaka 56. Amepimwa, sauti yake iko juu kidogo kuliko kawaida. "Kaka, wameniambia tezi ina gramu 48. Nifanye ule uliofanya wewe?"

"Baada ya kukojoa, ulibaki ngapi ndani?"

Kimya. Nikasikia anafunua karatasi. "Haipo hapa."

"Rudi kesho kibofu kikiwa kimejaa, waambie wakupime kabla na baada. Na usiku unaamka mara ngapi?"

"Naamka mara moja tu. Hainisumbui."

"Na shemeji anasemaje?"

Akacheka, akasema atamuuliza. Kesho yake jioni akanitumia namba: 25. Kasi mililita 14. Hajaanza dawa yoyote. Amepunguza kahawa ya usiku, amejiandikia tarehe ya kurudi kupima mwakani, na mimi nimeiandika kwenye daftari langu pia, maana namjua, ni mtu mwenye kazi nyingi.